Mkaguzi Hafai Kugusa Mzigo

Hebu fikiria askari wa mlangoni pale supamaketi. Kazi yake ni rahisi: afungue begi lako, aangalie, afunge, upite. Sasa fikiria askari mwingine ambaye kila akikagua begi lazima kitu kibadilike. Leo ameonja mandazi moja ili ahakikishe kweli ni mandazi. Kesho ametoa daftari lako na kusahau kulirudisha. Huyo hata akishika wezi kumi kwa siku, hakuna mtu atasema anakagua. Anafanya kazi nyingine kabisa, na wewe ndiwe unailipia.

Nimeanza na huyo jamaa kwa sababu tangu nianze kuandika hapa kuhusu mikataba ndani ya programu, wengi wenu mmeniuliza swali moja: kwani nikiongeza ukaguzi kwa msimbo wangu, si programu itabadilika tabia? Ni swali zuri kuliko mnavyodhani. Kuna watu wamesoma hadi wakapewa udaktari kwa kulijibu. Mimi msimamo wangu ni huu: mkataba una ruhusa ya kufanya jambo moja tu, nalo ni kusimamisha programu ikivunja ahadi. Kama ahadi haijavunjwa, programu inafaa itoe jibu lile lile ambalo ingetoa kama mkataba haungekuwepo. Zaidi ya hapo, hiyo si mkataba, ni msimbo mwingine umejificha.

Tuanze na maana ya neno lenyewe, kuna wenye hawakuwa siku ile.

Mkataba wa programu ni ahadi iliyoandikwa ndani ya msimbo, mahali mashine inaweza kuisoma na kuipima. Aliyeifanya ikajulikana sana ni Mfaransa Bertrand Meyer, katika miaka ya 1980, kupitia lugha yake ya Eiffel. Wazo lake lina vipande vitatu. Kuna sharti la kuingilia: kabla uniite, hakikisha hivi na hivi. Kuna sharti la kutokea: nikimaliza, nitakuwa nimekupa hivi na hivi. Na kuna sharti la kudumu: haijalishi nani ameingia na nani ametoka, jambo hili litabaki kweli.

Chukua mfano wa programu ya chama. Kuna kipande kinachotoa pesa. Sharti la kuingilia: kiasi kiwe zaidi ya sufuri na kisizidi salio. Sharti la kutokea: salio jipya liwe salio la zamani ukitoa kiasi hicho, hakuna senti imepotea njiani. Sharti la kudumu: jumla ya akaunti za wanachama ilingane na pesa za chama. Utamu wa mpango huu ni kwamba mambo yakiharibika unajua wa kulaumu. Sharti la kuingilia likivunjwa, kosa ni la aliyeita. La kutokea likivunjwa, kosa ni la aliyeitwa. Hakuna kurushiana maneno.

Na si mambo ya darasani pekee. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikaharibika kama sekunde 40 tu baada ya safari kuanza. Chanzo kilikuwa namba. Programu ilijaribu kugeuza namba ya desimali ya biti 64 iwe namba kamili ya biti 16, namba ikawa kubwa kuliko nafasi yake, kompyuta za kuongoza roketi zikajizima. Kipande hicho kilikuwa kimebebwa kutoka Ariane 4, ambako namba hiyo haikuwahi kufika ukubwa huo. Mwaka uliofuata Meyer na Jean-Marc Jézéquel waliandika makala kusema hapo ndipo mkataba ulikosekana: sharti lilikuwepo vichwani mwa watu, lakini halikuandikwa mahali ambapo mtu wa Ariane 5 angeliona.

Kuna kitu kingine ndani ya ripoti ya ajali hiyo ambacho huwa kinanisumbua. Vipimo saba vilikuwa katika hatari ya kosa la aina hiyo. Vinne viliwekewa ulinzi, vitatu vikaachwa, kwa hoja kwamba haviwezi kufika kiwango cha hatari. Na sababu mojawapo ya kubana ulinzi ilikuwa kwamba kompyuta hiyo haikutakiwa ifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa hivyo hata hapo swali lilikuwa lile lenu: ukaguzi nao unakula kitu. Unakula kiasi gani, na je, tuko tayari kulipa?

Sasa twende kwa njia ambazo ukaguzi unaharibu kile unachokagua.

Njia ya kwanza nimeiona kwa macho. Kuna ofisi moja nilikofanya mafunzo ya kazini, walikuwa na programu ya mikopo midogo ya vikundi vya kina mama. Msimbo wa Python, uliandikwa miaka kadhaa kabla nifike. Maombi ya mkopo yalikuwa yanapangwa foleni, moja likilipwa linatolewa. Mtu alikuwa ameandika mstari mmoja akitumia lile neno la Python la kukagua, assert. Mstari ulisema hivi kwa Kiswahili: toa ombi hili kwenye foleni, na uhakikishe kweli limetoka. Kutoa na kuhakikisha, zote ndani ya mstari mmoja wa ukaguzi. Kwa laptopu zetu zote ilifanya kazi vizuri.

Shida ni kwamba Python ukiiwasha kwa alama ya -O, inafuta mistari yote ya assert kana kwamba haikuwahi kuandikwa. Na seva ndivyo ilikuwa imewashwa, ati ndio iwe nyepesi. Ukaguzi ukaondoka, ukaondoka na kazi yake. Ombi likalipwa, likabaki foleni, likalipwa tena. Mama mmoja anayeuza mitumba aliona mkopo umeingia mara mbili, akadhani ni baraka, akaongeza bale. Mwisho wa mwezi akadaiwa mikopo miwili pamoja na riba ya yote. Simu aliyopiga siku hiyo sitaisahau. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anauliza polepole, "Mwanangu, niliomba ngapi?"

Tulitafuta hitilafu siku mbili nzima. Kila tukiiendesha kwa laptopu, iko sawa. Ilibidi mkubwa wetu wa kazi aongeze ile -O kwa mashine yake ndio jambo likaonekana wazi. Riba ya mkopo wa pili ikafutwa, lakini bale lilikuwa limeshanunuliwa na pesa si zake.

Python si ya kipekee. Katika C, ukitangaza NDEBUG ukaguzi wote wa aina hiyo unafutwa. Katika Java, ukaguzi wa assert haufanyi kazi kabisa mpaka wewe mwenyewe uuwashe. Kwa hivyo lugha zote hizi zinakwambia kitu kimoja: ukaguzi unaweza kuwepo au usiwepo, usitegemee kazi yoyote ndani yake. Zinakwambia, lakini hazikuzuii. Hata Meyer mwenyewe alisisitiza kwamba kuuliza na kuamuru ni kazi mbili za kutenganishwa, ila hiyo ni nidhamu ya mwandishi. Mwandishi akiwa na usingizi saa nane usiku, nidhamu iko wapi?

Njia ya pili ni ya kimya zaidi, na ndiyo ile ya mandazi. Kuna orodha ambazo si orodha kamili, ni mkondo. Vitu vinakuja kimoja kimoja, na ukishachukua kimoja hakirudi. Sasa wewe unaandika sharti la kuingilia: kila malipo kwenye mkondo huu yawe zaidi ya sufuri. Ukaguzi unaanza, unachukua la kwanza, sawa, la pili, sawa, mpaka la mwisho. Yote ni safi. Kisha programu yenyewe inafika kwa mkondo na kukuta hakuna kitu. Ukaguzi umekula vyote. Na angalia uchungu wake: hakuna ujumbe wa kosa. Jumla ni sufuri, ripoti inatoka safi kabisa, watu wanaenda nyumbani.

Njia ya tatu inatoka kwa lugha kama Haskell, ambazo ni vivu kwa makusudi. Yaani hazihesabu kitu mpaka kihitajike. Humo unaweza kuwa na orodha isiyo na mwisho, na programu ikachukua vitu vitano vya kwanza na kuendelea na maisha. Sasa weka mkataba unaosema kila namba humo iwe chanya. Mkaguzi akianza kupima orodha nzima, hamalizi mpaka Yesu arudi. Programu iliyokuwa inaleta jibu sasa inaning'inia. Ukimwambia mkaguzi asubiri, apime tu kile programu itachukua, programu iko salama, lakini namba ya sita ikiwa hasi hakuna atakayejua.

Watafiti Markus Degen, Peter Thiemann na Stefan Wehr waliichambua shida hii kwa undani, na walichoonyesha kinafaa kila mtu akijue: katika lugha vivu huwezi kupata yote mawili. Ama mkataba wako hauingilii kamwe maana ya programu, ama unanasa kila uvunjaji. Chagua moja. Mimi ningechagua la kwanza bila kufikiria mara mbili, na nitawaambia kwa nini mbele kidogo.

Je, kuna lugha iliyojaribu kulazimisha jambo hili, badala ya kuliacha kwa dhamiri zetu? Iko, na ndiyo sababu hasa ya chapisho hili. Inaitwa Racket.

Mwaka 2002 Robert Findler na Matthias Felleisen walitatua fumbo moja: utafanyaje mkataba juu ya fankisheni ambayo umepewa kama mzigo? Huwezi kuifungua uone kama itatimiza ahadi, lazima usubiri iitwe. Suluhisho lao ni kuiweka ndani ya bahasha. Kila ikiitwa, bahasha inapima kinachoingia na kinachotoka, na ikivunjika inakumbuka nani wa kulaumiwa. Safi sana. Lakini bahasha iko katikati ya njia, na aliye katikati ya njia anaweza kubadilisha barua. Ni nini kinamzuia mtu asiandike "mkataba" ambao ukiona 100 unapitisha 90?

Mwaka 2012, Findler pamoja na T. Stephen Strickland, Sam Tobin-Hochstadt na Matthew Flatt walileta jibu ndani ya Racket yenyewe. Walitenganisha bahasha za aina mbili. Ya kwanza tuiite msindikizaji. Msindikizaji anaweza kuona kila kitu kinachopita, anaweza kupiga kelele na kusimamisha safari, lakini kitu anachopitisha lazima kiwe kile kile alichopokea, au kile kile kikiwa na msindikizaji wake. Ya pili tuiite mwigaji. Huyo anaruhusiwa kubadilisha, lakini kwa masharti: haruhusiwi kukaa juu ya vitu ambavyo lugha imeahidi kwamba havitabadilika milele.

Na kitamu ni hiki. Racket haimwamini msindikizaji kwa maneno. Kila akirudisha kitu, mfumo wenyewe unalinganisha: hiki ndicho ulichopewa? Akijaribu kupenyeza 90 mahali pa 100, programu inasimama hapo hapo. Mkaguzi naye ana mkaguzi, na huyo wa pili hahongeki.

Simaanishi kazi imekwisha. Msindikizaji bado anaweza kuandika mambo kwenye kumbukumbu za seva, na ukitumia ule ulinganisho mkali wa Racket unaouliza kama vitu viwili ni kimoja kabisa kwenye kumbukumbu ya mashine, bahasha na kilichomo vinaonekana tofauti. Lakini lile jambo kubwa, la jibu kubadilishwa kimyakimya, hilo limefungiwa mlango.

C++ nayo imeamka. Februari 2025, katika mkutano wa Hagenberg, Austria, kamati ya lugha hiyo ilipiga kura kuingiza mikataba katika toleo la C++26. Wamefanya mambo mawili yaliyonifurahisha. Kwanza, ndani ya sharti la mkataba, vigezo vya kawaida vilivyo karibu vinachukuliwa kama vya kusoma tu, kwa hivyo ukijaribu kubadilisha kimoja kwa bahati mbaya unakataliwa. Pili, kanuni inasema wazi kwamba ukaguzi unaweza kufanywa sufuri, mara moja, au zaidi ya mara moja. Yaani wanakwambia mapema: ukiweka kazi humo ndani, shauri yako.

Najua kuna wenye watasema, sasa shida iko wapi, tuondoe ukaguzi wote tukimaliza kujaribu. Hoja yao ni muda, na si hoja ya kudharau. Mfano wa kawaida: unatafuta jina kwenye orodha iliyopangwa yenye majina 1,000,000. Njia ya kugawanya nusu kwa nusu inakupeleka kwa jina ndani ya hatua kama 20. Sasa weka sharti la kuingilia kwamba orodha iwe imepangwa kweli, na ulipime kila mara. Hatua 20 zimekuwa milioni moja na ushee. Jibu ni lile lile, lakini mteja ameshachoka na kufunga simu. Mwaka 2016 watafiti wa Typed Racket, ambayo hutumia mikataba kulinda mpaka kati ya msimbo wenye aina na usio na aina, walipima programu zao wenyewe na kukuta baadhi ya michanganyiko inapunguza kasi zaidi ya mara 100. Walichapisha hayo bila kuficha, na ninawaheshimu kwa hilo. Kwangu muda pia ni tabia ya programu. Anayetumia simu ya bei ya chini na bando la siku haulizi kama maana imehifadhiwa, anauliza mbona inazunguka.

Lakini ona vile hoja hiyo inatuzungusha. Ukitaka uwe na uhuru wa kuwasha na kuzima ukaguzi kulingana na mahali, leo kwa majaribio, kesho kwa seva, keshokutwa kwa kipande kimoja tu chenye wasiwasi, basi lazima uwe na uhakika kwamba kuuzima hakubadilishi kitu kingine. Uhuru huo unaupata tu kama mkaguzi hajagusa mzigo. Ndiyo maana kule nyuma nilisema ningechagua kutoingilia maana kuliko kunasa kila kosa. Mkataba unaokosa kosa moja bado unaniacha na programu ninayoielewa. Mkataba unaobadilisha programu unaniacha na programu mbili: moja ninayoijaribu, na nyingine ambayo watu wanaitumia. Yule mama wa mitumba alikuwa anaishi ndani ya hiyo ya pili.

Kwa hivyo hivi ndivyo ninavyofanya sasa, na ninyi chukueni mnachotaka.

Moja, ndani ya mstari wa ukaguzi ninauliza tu. Nikihitaji kutoa kitu kwenye foleni, ninakitoa mstari wa juu, ninaweka matokeo kwa jina lake, kisha ninakagua hilo jina.

Mbili, mkondo haukaguliwi wote kabla ya kazi. Ninauwekea ukaguzi wa njiani: kila kitu kinapimwa kikipita kuelekea kwa anayekihitaji.

Tatu, kosa la mtumiaji si uvunjaji wa mkataba. Mtu akiandika kiasi kisichofaa, hiyo ni kazi ya kawaida ya programu kumwambia, na msimbo huo hauzimwi kamwe. Mkataba ni kati ya vipande vya programu, si kati ya programu na mama mboga.

Nne, majaribio yote yanaendeshwa mara mbili, ukaguzi ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Majibu yakitofautiana, siendelei na kitu kingine mpaka nijue kwa nini. Hii ya nne haihitaji Racket wala C++26, haihitaji hata senti. Alama moja tu, -O, na dakika chache za subira.

Wengi wetu hapa tunaandika programu zinazogusa pesa za watu ambao hawatawahi kuona msimbo wetu. Vyama, karo, malipo ya bodaboda, mikopo ya maziwa. Hawawezi kutukagua. Ukaguzi pekee walio nao ni ule tuliouandika sisi wenyewe ndani ya programu. Basi jioni hii fungua mradi wako, zima kila ukaguzi, uendeshe tena. Kama jibu limebadilika hata kwa senti moja, rudi hapa uniambie ulikuta nini.